Piano Haikumwokoa Tom Seyr

Panya wako kwenye gunia. Vijana watatu wanaingia usiku katika jengo moja la Paris, wanafungua gunia, panya wanatawanyika gizani, na vijana wanaondoka kama mafundi waliomaliza kazi ya siku. Asubuhi wapangaji watakuwa na sababu moja zaidi ya kuhama, na jengo tupu huuzika kwa bei nzuri kuliko jengo lenye watu. Mmoja wa watatu hao ni Thomas Seyr, ambaye wenzake humwita Tom: umri wake miaka 28, koti la ngozi mwilini, hedifoni masikioni, vidole visivyotulia. Zamani alikuwa akijifunza piano. Mama yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mpiga piano wa majukwaani. Baba yake ana nyumba za kupangisha na madeni yasiyolipwa, na hutumia ngumi za mwanawe kudai kodi.

Hiyo ndiyo dunia ya *De battre mon cœur s'est arrêté*, filamu ya Jacques Audiard iliyoingia kumbini Ufaransa mwezi Machi 2005. Tangu hapo imekuwa ikisimuliwa kwa namna moja karibu kila inapotajwa: ni hadithi ya mhuni aliyekombolewa na muziki. Kijana ana damu mbili, ya baba mkatili na ya mama msanii, zinapigana ndani yake, na Bach anakuja kumsafisha. Kipaji alichokizika kinafufuka. Kwa walioizoea tafsiri hiyo, filamu nzima ni ushahidi kwamba kipaji hakifi na kwamba aliyeacha sanaa anaweza siku yoyote kuifungua kama sanduku la nguo za zamani, akakuta kila kitu kiko palepale alipokiacha.

Ni tafsiri tamu. Humfariji kila mtu aliyewahi kuacha gitaa, brashi au kalamu kwa sababu ya mshahara. Lakini si kweli, na filamu yenyewe haisemi hivyo. Ukiitazama bila haraka, na hasa ukiiweka kando ya filamu ya Kimarekani iliyoizaa, utaiona ikisema karibu kinyume chake: ndoto ya sanaa haikufa moyoni mwa Tom, wala hakupungukiwa kipaji. Alichopungukiwa ni saa. Saa zile zilikwenda kwenye majengo, kwenye madeni ya baba, kwenye usiku wa wenzake, na mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa piano hayakuweza kuzirudisha.

Ni lazima kwanza ijulikane filamu hii ilitoka wapi, kwa sababu kosa la tafsiri ile linaanzia hapo. Mwaka 1978 James Toback aliongoza *Fingers*, filamu yake ya kwanza kama mwongozaji. Harvey Keitel anaigiza Jimmy, kijana wa New York anayemdaia baba yake madeni ya kihalifu mchana na kupiga piano peke yake chumbani. Mama yake alikuwa mpiga piano na sasa yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Jimmy hutembea na kinasa sauti kinachopiga nyimbo za pop za ujana wake kwa sauti ya juu, mgahawani na barabarani, bila kujali nani anakereka. Akiwa nyumbani anapiga Bach vizuri. Akifika Carnegie Hall kwa usaili, mikono inamsaliti. Mwisho wake ni mauaji kwenye ngazi, kisha mtu uchi, peke yake, amejikunyata karibu na piano yake.

Hiyo kweli ni hadithi ya damu mbili. Mgogoro wote uko ndani ya kifua cha Jimmy. Hakuna anayemfundisha, hakuna anayemsahihisha. Muziki unatoka kwake kama homa na unakwama kwake kama homa. Mtu akisema kwamba *Fingers* inahusu kipaji kilichonaswa kati ya baba na mama, hakuna wa kumpinga. Kosa ni kuichukua tafsiri hiyo na kuivisha filamu ya Audiard, eti kwa kuwa ya pili ilitokana na ya kwanza basi lazima ziwe zinasema jambo lile lile. Wengi wanaodhani wanamsifu Audiard wanamsifu Toback kwa jina lisilo lake.

Hapa kuna dharau ya zamani inayostahili kujibiwa, ingawa kwa ufupi. Filamu iliyotengenezwa upya huhesabiwa kuwa kiporo. Mazoea ya miaka mingi yamechangia, kwani safari ilikuwa ya upande mmoja: Hollywood ilinunua *Trois hommes et un couffin* ya 1985 ikaitoa kwa Kiingereza miaka miwili baadaye, ikaichukua *Nikita* ya 1990, ikaichukua *Le Retour de Martin Guerre*. Mara nyingi kilichosafiri ni kisa, na kilichobaki nyumbani ni roho. Audiard na mwandishi mwenzake Tonino Benacquista walikwenda njia ya kinyume. Walichukua filamu ya Kimarekani isiyokuwa ya umati, wakauliza maswali ambayo Toback hakuyauliza. Katika tuzo za César za 2006 kazi yao ilipata 8 kati ya 10 ilizopendekezwa kuwania, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji na mswada uliotokana na kazi nyingine. Mwaka mmoja kabla, Berlin, Alexandre Desplat alikuwa amepewa Dubu wa Fedha kwa muziki wake wa filamu hiyo. Waliotoa tuzo hizo hawakuwa wakisifu kiporo.

Swali kubwa walilouliza ni hili: huyu mtu akitaka kurudi kwenye piano, atarudi vipi? Atafanya nini saa nne asubuhi siku ya Jumanne?

Jibu lao ni Miao Lin. Katika *Fingers* hakuna mtu kama yeye, na kuingia kwake kunabadilisha kila kitu. Ni mpiga piano Mchina aliyefika Ufaransa karibuni, hajui Kifaransa, na Tom anakwenda kwake kufundishwa baada ya kukutana kwa bahati na Fox, aliyekuwa meneja wa mama yake, ambaye anamwambia aje kufanyiwa usaili. Linh-Dan Pham, mzaliwa wa Saigon ambaye watazamaji wa Ufaransa walimfahamu tangu *Indochine* ya 1992, anamwigiza bila kupandisha sauti isipokuwa pale inapolazimu. Masomo yenyewe hayana urembo. Tom anaketi, anaanza Toccata ya Bach yenye namba BWV 914, anasimamishwa. Anaanza tena. Anasimamishwa tena. Anakasirika, anatukana kwa Kifaransa, mwalimu anamjibu kwa lugha yake, hawaelewani neno, lakini wote wawili wanajua nini kimeharibika. Kisha jikoni, chai. Kisha piano.

Anayeitazama sehemu hii akaona "kipaji kinafufuka" hajaitazama. Kinachoonekana ni mwili wa mtu mzima ukifunzwa upya kitu ambacho watoto hufunzwa wakiwa na miaka 6 au 7: namna ya kuweka bega, namna ya kupumua kabla ya kushuka kwenye kibonyezo, namna ya kutokimbia. Waswahili walisema samaki mkunje angali mbichi, na filamu hii inaketi na samaki aliyeanza kukauka, inamkunja polepole mbele ya kamera, inaonyesha panapopinda na panapokataa. Kamera ya Stéphane Fontaine inakaa karibu na shingo ya Tom kiasi cha kuhesabu pumzi. Hii ni filamu ya kazi. Ni filamu chache sana kuhusu wasanii zilizokubali kuonyesha kazi yenyewe kwa uvumilivu kama huu, na inasikitisha kwamba sehemu hiyo ndiyo inayorukwa haraka zaidi na wanaoisifu.

Hata namna filamu ilivyotengenezwa inashuhudia. Romain Duris, aliyemwigiza Tom, hakuwa mpiga piano. Alikuwa mwanafunzi wa sanaa za picha pale alipookotwa mtaani kwa ajili ya filamu yake ya kwanza, *Le Péril jeune* ya Cédric Klapisch. Aliyemwandaa kwa ajili ya Bach ni dada yake, Caroline Duris, mpiga piano kwa taaluma. Na piano tunayoisikia Tom anapopiga ni ya Caroline. Jambo hili si la kupitia juujuu. Mikono tunayoiona ni ya ndugu aliyejifunza kwa ajili ya kazi moja. Sauti tunayoisikia ni ya ndugu ambaye hakuacha. Pengo kati ya mtu anayelipenda jambo na mtu aliyelitumikia kila siku tangu utoto limo ndani ya filamu, kwenye kila nota.

Sasa usaili. Usiku wa kuamkia siku hiyo, siku ambayo kila kitu kimewekwa juu yake, wenzake wa biashara, Fabrice na Sami, wanamfuata. Kuna shughuli ya majengo. Haiwezi kungoja. Tom anakwenda. Asubuhi anafika mbele ya Fox akiwa na mikono iliyochoka na kichwa kisicholala, anaanza, anakwama, anajaribu tena, anaondoka.

Wapo wanaolieleza tukio hili kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Kwao Tom ni mtu asiyejua kuchagua, na kushindwa kwake ni adhabu ya kusitasita. Lakini methali hiyo humlaumu mshikaji tu. Haiulizi ni nani aliyemtia mkononi kile cha pili. Tom hakuamka siku moja akaamua kuwa na kazi mbili. Alilelewa na baba anayemhitaji, na filamu inaanza na Sami akisimulia jinsi baba yake mwenyewe alivyozeeka hadi mwana akageuka mlezi. Niels Arestrup, aliyefariki Desemba 2024, anamwigiza baba wa Tom akiwa na tumbo kubwa, nywele ndefu, maneno matamu na aibu iliyofichwa. Hapigi kelele, anaomba. Kila ombi lake ni saa moja iliyoondoka kwenye piano. Anataka kodi ya mpangaji fulani. Anataka mwanawe amwone mwanamke anayetaka kumwoa. Anataka ashughulikiwe Mrusi aitwaye Minskov, aliyemdhulumu. Hakuna hata moja ambalo mtoto mwenye adabu angelikataa kirahisi, na ndiyo maana linaua.

Wanaosema Tom alishindwa kwa sababu hakuwa na moyo wa kutosha wanapaswa kumweleza Borodin. Alexander Borodin alikuwa profesa wa kemia katika jiji la Saint Petersburg, na opera yake *Prince Igor* aliianza mwaka 1869. Alifariki 1887, miaka 18 baadaye, na kazi haikuwa imekwisha. Rimsky-Korsakov na Glazunov ndio walioikamilisha. Nani atathubutu kusema Borodin hakuupenda muziki, au hakuwa na kipaji? Alikuwa na maabara, wanafunzi, mikutano. Philip Glass aliendesha teksi New York hata baada ya *Einstein on the Beach* kuonyeshwa kwenye Metropolitan Opera mwaka 1976. Yeye alifika alikokuwa akienda, na kwa haki anasifiwa. Lakini kwa kila dereva wa teksi aliyepata kuandika opera wako ambao uchovu uliwashinda kabla hawajageuza ukurasa, na hao hawana anayewaandikia wasifu. Tunamhesabu aliyepona, kisha tunawaambia waliozama kwamba hawakuogelea kwa moyo.

Kuna jambo zito zaidi ambalo tafsiri ya ukombozi inalifunika. Inawageuza wapangaji kuwa matope tu, matope ambayo shujaa anapaswa kutoka ndani yake ili aonekane msafi. Katika filamu wanaotolewa nje ya majengo yale ni watu, na wengi wao ni familia za Kiafrika: madirisha yanavunjwa, umeme unakatwa, vitu vinatupwa. Kazi ya Tom na wenzake inatambulika rasmi huko Ufaransa. Ni wafanyabiashara wanaonunua jengo, wanaliondolea watu, wanaliuza. Filamu ilipokuwa bado kumbini, tarehe 15 Aprili 2005, hoteli ya Paris-Opéra iliteketea na watu 24 wakafa. Wengi wao walikuwa wa familia zilizowekwa pale kwa kukosa makazi. Usiku wa kuamkia Agosti 26 jengo la boulevard Vincent-Auriol liliwaka, wakafa 17, watoto wakiwa 14. Siku chache baadaye, rue du Roi-Doré, wakafa 7. Sehemu kubwa ya marehemu wa mwaka ule walikuwa Waafrika waliokuwa wakingoja nyumba. Audiard hakuwa akizungumzia moto huo. Lakini jiji ni lilelile, na watu wanaokosa pa kulala ndani yake ni walewale.

Je, piano inamfanya Tom awaone? Hapana. Anachelewa kazini, anakuwa mkali kwa wenzake, akili yake haipo. Hilo ni kweli. Lakini anajifunza Bach huku akiendelea kuwatoa watu majumbani, na pesa za maisha yake zinatoka huko huko. Bach hamwambii chochote kuhusu mama anayebeba godoro ngazini. Muziki haukuwahi kuahidi hivyo. Ni sisi watazamaji tunaoulazimisha uahidi, kwa sababu tungependa sana kuamini kwamba mtu anayetokwa na machozi kwa toccata hawezi kumpiga mtu teke. Historia ya Ulaya ya karne ya 20 ilikwisha ijibu imani hiyo kwa gharama kubwa.

Na kuna ushahidi ambao hauachi nafasi ya ubishi. Baada ya usaili kushindikana, Tom anamkuta baba yake ameuawa nyumbani. Filamu inaruka miaka miwili. Anaonekana ukumbini, kwenye piano, amevaa nadhifu, na kwa muda mtazamaji anaweza kudhani ameshinda, kwamba yeye ndiye atakayepiga usiku huo. Siye. Miao Lin ndiye mwenye onyesho. Tom ni meneja wake: anakagua piano, anaendesha gari, anaongea na watu wa ukumbi. Yaani amekaa miaka miwili mizima ndani ya muziki, kila siku, karibu na mwanamke anayempenda. Kama muziki husafisha, huyu alikuwa amekwisha safishika. Kisha anamwona Minskov, anamfuata, na wanapigana kwenye ngazi hadi Tom anashika bastola ya yule mtu na kumwelekezea. Hafyatui. Hapo Audiard anaachana na Toback kabisa, kwani Jimmy aliua. Lakini asifiche mtu kilichotokea kabla ya pale: mapigo yale ni ya Tom yuleyule wa panya na gunia, hata chembe haijapungua.

Watetezi wa tafsiri ya kipaji hukimbilia picha ya mwisho. Tom anarudi ukumbini akiwa na damu mikononi na kwenye shati, anaketi, Miao Lin anapiga, na vidole vya Tom vinamfuata, vikitembea hewani na kwenye goti. Mnaona, wanasema, kipaji hakifi. Ni picha nzuri kuliko zote za filamu hii na ndiyo maana inastahili kusomwa kwa uaminifu. Vidole vile vinajua njia kwa sababu vilifundishwa. Vilisimamishwa, vikarudishwa mwanzo, vikasimamishwa tena, na aliyevifundisha ndiye aliye jukwaani. Havimkumbuki mama; vinamkumbuka mwalimu. Na havitoi sauti.

Wala hapo si mahali pa kumhurumia kupita kiasi. Sehemu nyingine ya tafsiri iliyozoeleka huona nafasi yake mpya kama fedheha: mtu aliyetaka kuwa msanii amekuwa dereva wa msanii. Dharau hiyo nayo haina msingi. Kazi ya kuhakikisha mwingine anafika ukumbini kwa wakati, piano imetengenezwa, mkataba umesainiwa, chumba kina joto, ndiyo kazi ambayo hakuna aliyemfanyia Tom alipokuwa na miaka 18. Kama angekuwepo mtu wa kusimama mlangoni usiku ule wa kuamkia usaili na kuwaambia Fabrice na Sami kwamba Tom amelala, filamu ingeweza kwenda kwingine. Hakuwepo. Sasa yeye ndiye anayesimama mlangoni kwa ajili ya Miao Lin, na ni kazi halisi, yenye heshima yake, hata kama haina makofi.

Ila hata kazi hiyo usiku ule aliiacha kwa nusu saa ili kumaliza hesabu za baba yake. Anapoingia ukumbini na shati lenye damu, Miao Lin amekwisha anza kupiga. Hakumsubiri.